Mwendo wa Aliye Mwisho

Wazo lilizaliwa saluni, kichwa cha mteja kikiwa katikati yetu. Sindano, msusi mwenzangu, alikuwa anasuka upande wa kushoto, mimi wa kulia, na Bosi, mwenye saluni, amejitupa kwenye kiti anachezea simu. Akasema kuna njia ya kuvuka milima kwa miguu, siku kadhaa, mnalala porini. Mteja alicheka mpaka tukapoteza mistari.

"Nyinyi? Mtazimia getini!"

Basi ikawa ubishi. Tukajipa moyo kwamba mtu anayesimama kutwa nzima nyuma ya kiti hahitaji mazoezi, miguu yake imeshakuwa chuma. Kumbe kusimama ni kusimama tu. Hata kama mtu angetuambia, tungemcheka.

Goti langu la kulia lilianza kuvimba siku ya pili ya safari, kwenye mteremko. Sindano akanitania kwamba natembea kama meza yenye mguu mmoja mfupi. Nilicheka, maana bado nilikuwa na nguvu ya kucheka.

Jioni ile, kwenye kibanda cha kulala, redio ya mkononi ya kiongozi wetu ilikoroma. Alisikiliza akiwa ametugeuzia mgongo, kisha akamwita Sindano pembeni, ingawa kibanda chenyewe hakikuwa na pembeni. Sote tulisikia. Mama yake Sindano amelazwa, hali si nzuri, kaka yake anaomba ashuke haraka.

"Turudi," Sindano akasema.

"Kurudi ni mbali kuliko kumaliza, dada yangu. Katikati tumeshapavuka."

"Basi kesho twende haraka mimi na wewe. Hawa watatufuata."

"Kiongozi ni mimi peke yangu, na huku kuna nyati. Siwezi kumwacha mtu. Tunatoka pamoja, kwa mwendo wa aliye mwisho."

Hakunitazama aliposema hivyo. Hakuwa na haja.

Sijawahi kuuchukia mwili wangu vile. Kulipokucha nililifunga goti kwa kitambaa, nikameza dawa za maumivu alizonipa Bosi, nikatangulia mbele ili nisiwe wa mwisho. Haikusaidia kitu. Kijia kilikuwa chembamba, na wote wakarundikana nyuma ya mgongo wangu wakisubiri nivute mguu. Kwa mwendo wa kawaida tungetoka jioni hiyo. Giza likatukuta bado msituni, kiongozi akasema hapa tunalala.

Saluni, Sindano ana mdomo huyo. Ukikosea mstari mmoja anakutangaza mpaka mtaa wa pili. Lakini kutwa hiyo alikuwa amelivaa begi langu kifuani na lake mgongoni, ananishika mkono kwenye mawe. "Taratibu hapo, panateleza," ananiambia, kama vile tumetoka kupunga upepo. Ningefurahi angenitukana.

Asubuhi iliyofuata nilikaa kwenye jiwe nikalia bila aibu.

"Niacheni hapa. Niacheni na hao nyati wa kiongozi."

"Inuka, mwenzangu," Sindano akasema. "Ukikaa goti linakaza."

Kiongozi alijaribu redio tena. Mikwaruzo mitupu.

Tulifika getini jua likiwa juu. Askari wa hifadhi akatupigia makofi, kama anavyowapigia wote wanaomaliza, akatuita tusimame chini ya ubao tupigwe picha. Kaka yake Sindano alikuwa amesimama kando ya gari. Hakusogea.

"Leo asubuhi," alisema. "Alikuwa anakuulizia."

Sindano aliyashusha mabegi yote mawili, moja baada ya jingine. Nikataka kupiga magoti nimwombe msamaha, goti likakataa. Nilibaki nimesimama tu, mikono imening'inia.

Kaka yake akamfungulia mlango wa mbele.

"Huyu akae mbele," Sindano akasema, akinionyesha mimi. "Mguu wake haukunjiki."

Nikakataa. Bosi naye akakataa. Hakutusikiliza. Alikisukuma kiti nyuma, akaninyoosha mguu kwa mikono yake miwili, akafunga mlango. Kisha akaenda kujibana kiti cha nyuma, katikati ya mabegi, na ndipo nikamsikia anaanza kulia.