Sekunde Sahihi, Mwaka wa Zamani

Saa ya studio ya redio ilipogonga saa moja asubuhi, dunia nzima ilikuwa saa moja na dakika nne. Taarifa ya habari ya redio hiyo iliwakuta wasikilizaji wameshahamia kituo cha jirani.

Meneja akamwita fundi mitambo, Mama Waya, aliyekuwa kwenye majaribio ya kazi ya miezi sita kwa mwaka wa ishirini sasa.

"Nirekebishie saa, dada yangu. Barua ya kukuthibitisha nasaini siku hiyohiyo."

"Hayo niliyasikia nilipotengeneza jenereta, bosi."

"Jenereta ni jenereta. Saa ni saa."

Bajeti ya saa mpya haikuwepo. Mama Waya akaenda gereji, akang'oa kifaa cha GPS kwenye lori bovu. Ramani yake ilijua barabara ambazo siku hizi ni maduka, lakini Mama Waya hakuhitaji barabara. Setilaiti zinazoelekeza njia hubeba saa zisizokosea hata kwa muda wa kupepesa jicho, na kifaa kile, pamoja na uzee wake, kilikuwa bado kinazisikia. Akafunga antena juu ya paa kwa kamba ya kuanikia nguo, akateremsha waya hadi kwenye kompyuta. Kila sekunde kifaa kikapiga mdundo mmoja, na saa za kituo kizima zikaufuata kama askari kwenye gwaride.

Sekunde zilikuwa sahihi. Tarehe ndiyo ilikuwa ya miaka kumi na tisa na miezi saba iliyopita. Vifaa vya zamani huhesabu wiki elfu moja na ishirini na nne, kisha huanza upya bila kumwuliza mtu. Mama Waya alilijua hilo. Akapanga kulishughulikia kesho yake baada ya chai.

Saa moja kamili asubuhi akaingia Mzee Koo, msomaji habari aliyezikwa miaka kumi na moja nyuma. Akatundika koti, akakohoa mara tatu. Msomaji wa zamu akampisha kiti, maana mkubwa ni mkubwa. Mzee Koo akasoma: maji yatafika kata zote ndani ya miezi mitatu, daraja limo mbioni, walimu wawe na subira.

Ilipigwa simu moja tu. Msikilizaji alishukuru kwamba leo habari zimewahi.

"Umekonda, mzee," Mama Waya alimwambia, akimmiminia chai.

"Kule hawapiki. Wewe je, walikuthibitisha?"

"Leo ndiyo leo."

Mzee Koo akapuliza chai yake muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Ofisini, meneja alifungua faili, akatazama tarehe kwenye kompyuta, akahesabu kwa vidole.

"Una miezi minne na nusu kazini. Kanuni inataka sita."

"Bosi, niliingia hapa sina hata unywele mweupe. Hizi mvi nimezitoa wapi?"

"Mvi ni mambo ya ukoo. Mimi nafuata saa, na saa umeiweka wewe, sahihi mpaka sekunde."

"Basi niirekebishe tarehe. Dakika tano tu."

"Nani kalalamika? Wasikilizaji wamerudi. Na Mzee Koo haombi likizo."

Mama Waya akasubiri mwezi mmoja na nusu. Alikuwa na uzoefu. Siku ilipotimia akapiga barua chapa mwenyewe, ibaki sahihi tu, akabisha hodi.

Kwenye kiti cha meneja alikuwepo meneja wa kwanza wa kituo, marehemu naye; alichelewa kidogo kurudi, lakini kwa tarehe hiyo kiti kilikuwa chake. Akaisoma barua yote, akasifu uandishi wake.

"Hili jambo zito, binti yangu," akasema. "Nisimfunge mikono atakayenirithi."

Nje, kwenye benchi la wageni, meneja wa sasa alikuwa ameketi na bahasha ya maombi ya kazi magotini, viatu vimeng'arishwa.

"Bosi yukoje leo, dada?"

"Ana roho nzuri sana," Mama Waya akamwambia. "Ingia tu."

Akaenda zake studio. Taarifa ya saa saba ilikuwa imekaribia, na isingechelewa.