Mama wa Jirani

Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Wanasimama wawili, kila mmoja na pembe zake, wanalivuta mpaka linyooke, wanakutana katikati, wanaachana, wanakutana tena. Ndiyo maana mazungumzo ya chumba kile cha kufulia huenda kwa vipande, na ndiyo maana Mkunja Shuka, tumwite hivyo, alilishwa ushauri mbaya tonge kwa tonge, akaumeza wote bila kutafuna.

Mshauri alikuwa mwenzake wa upande wa pili, mwanamke aliyebandikwa jina la Redio kwa kuwa hakuna aliyewahi kumzima.

"Si jiji linakulipia mtoto kituo cha malezi?" Redio aliuliza walipokutana.

"Linanilipia."

Wakaachana, wakakutana. "Basi jua afisa atakuja kwako kukagua. Akikuta mtu mzima amekaa tu nyumbani, nafasi imekwenda. Atakuuliza, jiji lihangaike na wewe kwa nini wakati mlezi unaye ndani?"

"Mama yangu yupo nyumbani."

"Basi asiwepo," Redio alisema, akavuta shuka jingine.

Msimcheke Mkunja Shuka. Jiji lilikuwa linalipia malezi ya watoto wa wafanyakazi wenye vipato vidogo, na wazazi waliokuwa wakisubiri nafasi walikuwa wengi kuliko watoto waliokwisha kuingia. Baba wa mtoto wake alikuwa amekwenda kutafuta maisha, na inaelekea aliyapata, maana hakurudi. Bila kituo, kazi hakuna. Bila kazi, mtoto wa miaka mitatu na bibi yake wangekula nini?

Mtu angesema: si bibi yupo, amlee mjukuu? Hapo ndipo penye kidonda. Bibi huyo alilea watoto sita, na jambo hilo alilisema hata kwa wasiouliza. Lakini uzee hauna adabu, humjia mtu bila kubisha. Alasiri moja alisinzia kitini, mtoto akasukuma mlango, akatoka zake mpaka barabarani. Fundi baiskeli wa pale kona alimdaka, akamrudisha ndani, na bibi bado amelala. Fundi alimweleza Mkunja Shuka jioni, pembeni, kwa sauti ya chini. Mkunja Shuka hakumwambia mama yake neno. Angeanzia wapi? Alikwenda tu ofisi za jiji kuomba nafasi, na nyumbani akasema, "Kule kituoni watamfundisha kuimba na kuhesabu, mama."

"Vizuri," mama yake alisema. "Nyimbo zangu mimi zimeshazeeka."

Afisa wa jiji alikuja siku ya mapumziko ya Mkunja Shuka, mtoto akiwa kituoni. Alikuwa mwanamke mpole, mwenye begi zito na viatu vilivyokwisha upande mmoja kwa kutembea. Bibi alikuwa amekaa kitandani, miguu mitupu, anashona kifungo cha gauni la mjukuu wake.

"Shikamoo, mama," afisa alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu."

Afisa akamgeukia Mkunja Shuka. "Na huyu mama ni nani wako?"

Swali jepesi kabisa. Lakini Mkunja Shuka aliliona limebeba jingine mgongoni. Akisema ni mama yangu, ataulizwa kwa nini basi hamwangalii mtoto, na jibu lake atalitoa mbele ya huyo huyo mama, aliyelea sita. Ulimi wake ukatafuta pa kukimbilia.

"Ni mama wa jirani," alisema. "Amekuja kuteka maji."

Sindano ilisimama. Mama yake alimtazama mara moja tu, si kwa hasira, bali kama mtu anayejaribu kukumbuka sura aliyowahi kuiona mahali. Kisha akaiweka ile nguo, akachukua ndoo, akachota maji kwenye pipa. "Asante kwa maji, mama, Mungu akubariki," alimwambia binti yake wa kumzaa, kwa sauti ya jirani hasa, akatoka. Alisimama nyuma ya ua juani, na ndoo yake iliyojaa, mpaka afisa alipoondoka.

Tangu siku hiyo mama akawa mgeni kweli. Hakununa, wala hakurusha vijembe. Angefanya hivyo ingekuwa nafuu. Kila aingiapo alisimama mlangoni akapiga hodi, na asipokaribishwa haingii. Asubuhi alikunja matandiko yake akayaweka kwenye kona, kama mtu aliyelala njiani. Chakula alikila kidogo, akashukuru sana.

"Mama, acha basi," Mkunja Shuka alisema siku ya tatu, alipomkuta ameinama anasugua sufuria zote za nyumba.

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," mama yake alijibu, akacheka. "Wewe umesahau kunipa, nimejichukulia mwenyewe."

Mkunja Shuka naye akacheka, maana mzaha ulikuwa mzuri, kisha akaenda chooni akalia. Nafsi ilimsuta vibaya. Kazini alivuta mashuka akayaachia upande mmoja, mpaka Redio akaona kuna jambo, akamuuliza mambo yalikwendaje. "Nafasi ipo," alijibu. Redio akafurahi, akajisifu kwa ushauri wake, na Mkunja Shuka alitamani amfunike na shuka amkunje pamoja nalo. Lakini alijua Redio alitoa maneno tu. Mdomo uliomkana mama ulikuwa wake mwenyewe.

Na bado hakuomba radhi. Ukiomba radhi kwa uongo lazima useme kwa nini ulidanganya, na yeye lile "kwa nini" lilikuwa linamtisha kuliko uongo wenyewe. Kwa hiyo kila siku alijitia hamnazo, akamkaribisha mama yake ndani ya nyumba yao. "Hodi." "Karibu, mama."

Afisa alirudi bila taarifa. Safari hii wote watatu walikuwa ndani, mtoto amelala mapajani mwa bibi yake. Afisa hajamaliza hata kusalimia, bibi alikuwa ameshamhamishia mtoto kitandani na kunyanyuka.

"Nilipita tu kuomba chumvi," alisema. "Naondoka, wangu. Zungumzeni."

Alikuwa anatafuta viatu vyake kwa miguu, kwa haraka, na alivikosa. Mkunja Shuka alimwona anavyopapasa sakafu, mwanamke mzima anakimbia nyumba ya mwanawe ili asimharibie. Akashindwa.

"Kaa, mama," alisema. Akamgeukia afisa. "Huyu ni mama yangu. Mama mzazi. Anaishi hapa, na siku ile nilikudanganya."

Afisa alivuta kigoda akakaa. "Najua," alisema. "Mtoto anamtaja kutwa kituoni, bibi hivi, bibi vile. Na mmefanana kidevu. Nilikuwa nasubiri uniambie mwenyewe." Akatoa karatasi na kalamu begini. "Sasa nikuulize. Mama anaweza kubaki na mtoto ukiwa kazini?"

Lile swali. Mkunja Shuka alitazama sakafu. Mtoto aligeuka usingizini.

"Siwezi," bibi alisema.

"Mama..."

"Niache niseme, wewe umeshindwa." Alizungumza na afisa, mikono imetulia magotini. "Nililala, mtoto akafika barabarani. Aliporudishwa nilisikia miguu ya yule kijana wa baiskeli, nikaona haya kufumbua macho. Usingizi unanikamata saa yoyote siku hizi. Mtoto asibaki na mimi. Andika hivyo."

Afisa aliandika. Kisha akafunga begi lake taratibu. "Mzee asiyeweza kumwangalia mtoto hahesabiwi kuwa mlezi," alimwambia Mkunja Shuka. "Tangu mwanzo utaratibu uko hivyo. Ungenivuta pembeni siku ile ukanieleza, nisingeuliza jingine. Nafasi ya mtoto ipo. Ila usinidanganye tena." Akamuaga bibi kwa heshima zote, akaenda zake.

Kwa hiyo uongo haukuokoa chochote. Hakukuwa na kitu cha kuokoa. Mkunja Shuka alibaki ameushika mlango, na alipogeuka mama yake alikuwa amerudi kukaa kitandani, anamfunika mtoto miguu.

"Nisamehe, mama."

"Kwa lipi?" mama yake aliuliza, kwa upole, kama anayetaka kujua kweli. "Kwa kusema mimi si mama yako, au kwa kujua kwamba siwezi kulea ukanificha?"

Mkunja Shuka alikaa chini sakafuni, karibu na miguu ya mama yake. Alitafuta kati ya hayo mawili lililo dogo, aanze nalo, na hakuliona.