Matege ya Ubeid

Siku Badriya alipomfukuza Klara, wapangaji wote wa ghorofa ile ya Mtaa wa Sikukuu walijua sababu kabla binti wa watu hajamaliza kushuka ngazi. Badriya alihakikisha hilo. Alisimama juu ya ngazi, mtandio umemwanguka mabegani, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa fundi cherehani wa chini, "Nilikupa mtoto mzima, umenirudishia kilema."

Mtoto mwenyewe, Ubeid, alikuwa na miaka miwili na nusu, na miguu yake ilikuwa imepinda. Akisimama, nyayo zinakutana na magoti yanaachana, katikati pangepita bakuli. Matege kidogo kwa mtoto anayeanza kutembea si ajabu, huja yakaondoka. Ya Ubeid yalizidi kila mwezi. Bi Hamdiya, mama mkwe wa Badriya, alimlaza mjukuu wake kitandani, akamgeuza huku na huku, akatoa hukumu. Mbeleko. Mtoto amebebwa mno mgongoni, miguu imetanuliwa ingali laini, sasa imekomaa hivyo hivyo. Nani aliyekuwa akimbeba? Hapakuwa na haja ya kuuliza.

Klara alikuwa ametoka Ndanda kumfuata dada yake Benedikta mjini, akapata kazi kwa Badriya Ubeid akiwa bado mchanga. Alimbeba akiosha vyombo, alimbeba akichagua mchele, alimbeba akipiga deki, na mtoto alilala vizuri pale mgongoni kuliko alivyolala kitandani. Alipoambiwa kwamba ndiye aliyemharibu, hakujitetea hata kwa neno moja. Hilo lilimpa Badriya uhakika, maana mtu asiye na kosa, alijiambia, angepiga kelele. Klara alilia tu, kisha akauliza, "Mama, atatembea vizuri?"

"Hilo ulitakiwa ujiulize wewe, zamani," Badriya akamjibu.

Tumwelewe Badriya, hata kama hatutaki kumwonea huruma. Binti yake wa kwanza alikufa kwa surua siku chache baada ya Idi, na katika Idi ile wageni walikuwa wamejaa sebuleni, kila mmoja akisifu uzuri wa mtoto. Watu wa hospitali walisema surua. Badriya alisema macho ya watu. Ubeid alipozaliwa akaapa kwamba huyu hataonwa na kila apitaye. Akamvika hirizi, akampaka wanja kwenye paji la uso, akafunga madirisha ya upande wa mtaani na kuyatundikia mapazia mazito. Jua lenyewe Ubeid alilijua kwa mstari mwembamba uliopenya kati ya pazia na ukuta. Mara moja Badriya alipanda juu kabisa, kwenye paa la sementi walikoanika nguo, akamkuta Klara anaanika shuka huku Ubeid yuko mgongoni, kichwa wazi, anawachekea kunguru. Aligomba siku ile mpaka koo likamkauka. Tangu hapo Klara alianika nguo peke yake.

Basi Klara akaondoka, na mwaka wenyewe ulikuwa themanini na tatu, mwaka mbaya wa kukosa kazi. Serikali ilikuwa imeamua kwamba kila mtu wa mjini awe na kazi inayojulikana, na asiyekuwa nayo akamatwe apelekwe shamba akalime. Mgambo walizunguka mitaani wakiuliza watu vitambulisho. Hawakuchelewa kumpata Klara. Alikuwa karibu na soko, anatafuta kazi nyingine, na alipobanwa akaitaja nyumba pekee aliyowahi kufanyia kazi.

Mgambo wawili wakampandisha ngazi hadi mlangoni kwa Badriya. "Samahani, ndugu. Huyu anasema ni mtumishi wako."

Badriya alimtazama Klara, naye alikuwa akitazama sakafu. Ubeid alikuwa analia ndani. Miguu yake ilikuwa imefungwa pamoja kwa vitambaa, kama alivyoagiza Bi Hamdiya, ili inyooke.

"Hafanyi kazi hapa," Badriya akasema.

Ilikuwa kweli, na ukweli ule ulimstarehesha kwa muda. Hakuwa amesema uongo. Aliufunga mlango akarudi kumbembeleza mwanawe, na sauti ya viatu vya mgambo vikishuka ngazi hakuisikiliza sana.

Lakini Ubeid hakunyamaza. Vitambaa vilimuuma, mafuta ya nazi hayakusaidia, na baada ya wiki nzima ya kukandwa akakataa hata kusimama. Hamud, mumewe Badriya, mtu wa dukani asiyependa kuingilia mambo ya ndani, safari hii aliingilia. Alisema mtoto apelekwe hospitali kesho yake, Bi Hamdiya apende asipende.

Daktari Polycarp alimpokea Ubeid, akavifungua vile vitambaa na kuvitupa kando bila kuuliza vya nini. Akamshika miguu, kisha akamshika mikono. Akambonyeza vifundo vya mikono, akamwonyesha Badriya jinsi vilivyovimba.

"Hii imefanywa na nini?" akauliza.

"Mbeleko," Badriya akasema. "Mtumishi alimbeba vibaya."

"Mbeleko inafungwa kwenye vifundo vya mikono?"

Daktari akamweleza polepole, kama mtu aliyekwisha kuyaeleza maneno hayo kwa kina mama wengi. Miguu haikupindwa na mtu. Mifupa yenyewe ilikuwa laini, ndiyo maana ikavimba kwenye viungo na kupinda ilipobeba uzito. Mwili wa mtoto hukaza mifupa kwa madini ya chokaa yaliyomo kwenye chakula, na ili uyatumie vizuri lazima ngozi ipigwe jua. Mtoto akibebwa mgongoni miguu haipindi. Kumfunga miguu pamoja ndiko kulikokuwa kukimtesa bure.

"Anatoka nje?" akauliza.

"Hatoki."

"Hata kidogo?"

"Namkinga na macho ya watu," Badriya akasema, na aliposikia maneno yale yanatoka kinywani mwake ndani ya chumba kile cheupe, haya zikamshika.

Daktari hakucheka. Alisema Dar es Salaam hii, na jua lake lote, watoto wa namna hiyo aliwaona kila mara, na karibu wote walitoka kwenye nyumba zilizowapenda sana. Akamwandikia mafuta ya samaki, akamwambia ampe maziwa na dagaa akivipata, na kila asubuhi amtoe juani. Bado mdogo, miguu itanyooka kwa sehemu kubwa. "Na huyo mtumishi," akaongeza akiwa anaandika, "mwambie hana kosa. Unakaa Kariakoo, mama. Chungulia dirishani uone wanaobebwa."

Badriya hakungoja kufika dirishani. Alirudi kwa miguu kupitia sokoni, Ubeid begani, na kwa mara ya kwanza alitazama. Wauza nyanya walikuwa na watoto mgongoni, waliopanga foleni ya sabuni walikuwa na watoto mgongoni, na vile vitoto vilivyokwisha kushushwa chini vilikuwa vinakimbizana kati ya matenga na miguu imenyooka sawasawa. Kama mbeleko ingepinda miguu, Kariakoo nzima ingekuwa na matege. Miaka yote alikuwa amekaa juu ya ushahidi huo na mapazia yamefungwa. Akakumbuka paa la kuanikia nguo, mtoto anawachekea kunguru, na Klara anavyoomba radhi. Mtu pekee aliyempa Ubeid jua ni yule ambaye yeye alimtukana mbele ya watu. Badriya akajiona mbaya, si kwa sababu hakujua, maana wengi hawakujua, bali kwa sababu alipenda kuamini.

Alimwacha mtoto kwa Hamud dukani, akaenda mtaa wa Gerezani, kwenye karakana ya reli. Alijua kwamba Benedikta alikuwa mama ntilie pale, akiwapikia mafundi wa reli. Akamkuta anasonga ugali, kichanga chake kimelazwa juu ya gunia kivulini.

"Karibu, Mama Ubeid," Benedikta akasema, bila kuacha mwiko. "Umekuja kumtafuta Klara? Yuko uwanja wa shule ile nyuma ya karakana. Wanapakiwa leo."

"Nimekuja kumtoa."

"Utamtoa wapi." Benedikta akakitazama kichanga chake. "Tangu umfukuze, huyu hajamgusa. Nilimwomba anishikie nikateke maji, akaweka mikono nyuma. Aliniambia, dada, mimi nimeshaharibu mmoja."

Badriya aliondoka mbio mbio, buibui ameshika mkononi, na wafanyakazi wa karakana wakampisha.

Uwanjani lori lilikuwa limeshawashwa. Watu walikuwa wamesimama kwenye mstari na vifurushi vyao, vijana wengi, wanawake wachache. Klara alikuwa karibu na mwisho. Alipomwona Badriya alipiga goti kidogo, kama alivyozoea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Klara, nimekuja kukuchukua." Akamgeukia mgambo aliyekuwa anasimamia mstari. "Afande, huyu ni mtumishi wangu. Wenzako walipomleta nyumbani niliwajibu vibaya. Kosa ni langu."

Mgambo alikuwa amechoka, na mtu mmoja pungufu hakumsumbua. "Kama ni wako mchukue, ndugu. Lakini upesi."

"Ubeid anaendeleaje?" Klara akauliza.

"Nimempeleka hospitali. Klara, haikuwa mbeleko. Daktari amesema mbeleko haipindi mfupa. Alikosa jua. Mimi ndiye niliyemfungia ndani, na wewe ulipompandisha kule juu ulikuwa unamsaidia, nikakugombeza." Hakujali nani anasikia. "Nimekusingizia. Nakuomba unisamehe."

Klara alisikiliza kichwa kikiwa chini mpaka Badriya alipomaliza. Kisha akatabasamu kidogo, macho yamejaa machozi.

"Mama, una roho nzuri," akasema. "Unasema hivyo ili nisiende na mzigo."

"Siyo. Ndiyo kweli yenyewe."

"Bi Hamdiya ni mtu mzima, amelea watoto wengi. Hawezi kukosea kitu cha namna ile. Na mimi mwenyewe najua, mama. Siku za kazi nyingi nilikuwa namkaza sana asidondoke. Nilikuwa namkaza mpaka analia. Sikuwahi kukuambia."

"Mbona husikii, Klara. Daktari ameniambia kwa mdomo wake. Vifundo vya mikono—"

"Ndugu, unamchukua au humchukui?" mgambo akauliza. "Lori linaondoka."

"Namchukua," Badriya akasema, akamshika Klara mkono.

Klara alimwachia mkono ule kwa muda, kisha akautoa kwa adabu. "Afande, mimi naenda. Bora nikalime. Mtoto wa mtu simshiki tena." Akapiga goti tena mbele ya Badriya. "Mpe Ubeid salamu zangu. Na wewe, Mungu akubariki kwa kuja mpaka huku."

Akarusha kifurushi chake ndani ya lori. Mwanamke aliyekuwa amekwisha kupanda akampa mkono, akamvuta juu, na wote wawili wakakaa pembeni. Badriya alisimama chini, vumbi linampiga usoni, akiita jina lake. Akamsikia Klara akimweleza yule mwanamke, kwa sauti iliyojaa shukrani, "Ndiye yule mama niliyekuwa nakusimulia. Amekuja kunisamehe."