Miguu ya Mzee Asgarali

Sukari ilikuwa imemla miguu Mzee Asgarali, muuza vitambaa wa Gitega. Kuanzia magotini kwenda chini ilikuwa ganzi tupu. Siku moja kiatu kilimvuka njiani, akafika dukani na mguu peku bila habari. Wanawe wakamletea jakuzi, beseni lile la kifahari la maji moto yanayozunguka yenyewe, na mzee akashikilia kwamba humo ndimo miguu yake itakamofufukia. Daktari alisema hapana mpaka akachoka.

Jakuzi likaharibika. Fundi Chabani alipolifungua alikuta sonde imekufa, yaani kile kijiti kinachopima joto la maji. Kuagiza mpya ilikuwa ndoto, dola zilikuwa zimeadimika nchini. Akakumbuka mtambo wa maji moto uliotupwa kwao Muyinga, nyuma ya nyumba ya wageni iliyofungwa. Alipanda gari, akang'oa sonde yake, akarudi nayo Gitega ameiviringishia kitambaa kama yai.

Ilikaa vizuri. Kioo kiliwaka, tarakimu zikapanda taratibu, na kila mtu nyumbani akashangilia. Sasa hapa ndipo panapouma. Chabani alijua fika kwamba sonde ya mtambo mwingine inaweza kusema uongo, na dawa yake ni kuchovya mkono tu. Lakini mzee alikuwa ameshakaa ukingoni na saruni yake, ameteremsha miguu, amesema bismillahi. Fundi atie mkono wa grisi katika maji ya kuogea ya mtu mzima, binti yake Noorjehan akiwa mlangoni? Aliona haya. Akageuka, akampa mzee mgongo kwa adabu zote, akabaki na vitufe vyake.

"Maji iko namna gani, mzee?"

"Bado, kijana yangu. Ongeza kidogo."

Akaongeza.

"Na sasa?"

"Ongeza tena! Usiogope."

Sauti ya mzee ilikuwa imechangamka ajabu, na Chabani akajisikia fundi kwelikweli. Mvuke aliuona, lakini kioo kilisema maji ni vuguvugu tu, na asubuhi za Gitega ni za baridi, hata kikombe cha chai hutoa mvuke. Akabonyeza tena.

Noorjehan alikuja na taulo, akainama, akagusa maji kwa kidole. Alipiga yowe. Walimvuta mzee kwa makwapa, na ngozi ya miguu ikabaki majini.

Hospitali walikata mguu mmoja, kisha wa pili. Chabani alikuwa hapati usingizi, chakula hakipiti. Alitamani watu wa nyumba ile wamtukane, lakini hakuna aliyemtukana. Mwishowe akajikaza, akaenda, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mzee, unisamehe. Ni mi niliweka sonde mbaya."

Asgarali alimshika mkono. Macho yake yalikuwa yanang'aa.

"We nyamaza. Mi nilisikia."

"Ulisikia nini, mzee?"

"Moto! Kisigino ya kushoto ilianza kuuma. Miaka yote hii, Chabani, na siku ile ikauma! Ningesema, ungezima. Ndiyo nikakwambia ongeza."

Noorjehan, aliyekuwa akimmenyea baba yake chungwa, aliweka kisu chini akatoka. Chabani akaangalia blanketi lililolala bapa chini ya magoti ya mzee, akaanza kulia.