Ng'ombe Aliyezungushwa Bila Dua

Mselem mwashi alikuwa na nyumba mbili. Moja ilikuwa ya mawe kule Amu, yaani Lamu, aliyoijenga kwa mikono yake mwenyewe. Ya pili ilikuwa ya mbao, ina magurudumu mawili, na ilivutwa na ng'ombe mweusi aitwaye Kaniki. Mwaka aliovunjika paja aliishi katika hiyo ya pili, na watu wa mji wa Chundwa mpaka leo hawajakubaliana kama aliishi ndani yake au alifungwa.

Gari lenyewe lilikuwa la Mzungu mmoja aliyelima pamba kule bara, akashindwa na mbu, akaenda zake. Lilikuwa sanduku refu lenye paa, mlango nyuma, dirisha kila ubavu na dirisha jingine mbele, juu ya mgongo wa ng'ombe. Ndani mlikuwa na kitanda cha ubao na rafu ya vyombo. Watu walilicheka. Mselem akalichukua, akalivusha maji mpaka kisiwa cha Pate, akawa anabebea chokaa mchana na kulala humo usiku, popote alipoitwa kujenga.

"Mimi silali kwa mtu," alikuwa akisema. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na jembe mimi sishiki."

Chundwa alikuja kutengeneza dari ya msikiti. Ndiko kwao mkewe, Swafiya, na imamu wa msikiti ule, Bwana Athman, ndiye aliyekuwa mkwewe. Bwana Athman alimwambia boriti ya kati imeoza, asiikanyage. Akaikanyaga, ili awaonyeshe kuwa mwashi wa Amu haambiwi boriti. Boriti ikakatika. Walipomtoa kwenye kifusi, mguu wake wa kulia ulikuwa umetazama upande ambao mguu wa mtu hautazami.

Mzee Muhdhar, muunga mifupa, alilivuta paja akalifunga kwa vibanzi vya mkoko. "Bahari usiipande mpaka fupa lishikane," alisema. "Wimbi moja likikurusha, utakwenda na gongo mpaka kaburini."

Bwana Athman alimtandikia kitanda nyumbani kwake. Mselem alikataa. Alitaka alazwe ndani ya gari lake, kando ya tanuri la chokaa, nje kidogo ya mji, na ikawa hivyo. Swafiya alitoka Amu na furushi la nguo akaja kumuuguza humo humo, akipika nje kwa mafiga na kulala miguuni pa mumewe.

Lakini mtu aliyezoea kupanda kuta hawezi kutazama ubao wa paa kutwa kucha. Ndipo shemeji yake, Husseini, kaka yake Swafiya, alipompa shauri. "Mguu wako umevunjika, miguu ya Kaniki haikuvunjika. Nitakutembeza."

Basi kila alasiri, jua likipungua ukali, Husseini humfunga Kaniki garini, akashika kamba, akaanza kuimba, wakaenda. Waliteremka mpaka bandarini kwenye mikoko, wakapita mashamba ya tumbaku, wakapita makaburi ya watu wa kale yenye nguzo, wakapanda mpaka kisimani, wakarudi tanurini. Mselem aliegemea mto dirishani akaitazama dunia ikipita: bahari ya Ndau inang'aa, moshi wa majikoni, wanawake na mitungi.

"Umekuwa sultani, shemeji," Husseini alimwambia. "Sultani hata pumzi huvutiwa."

"Na wewe waziri. Waziri hasemi sana, huvuta kamba."

"Binti yangu amesema na yeye anataka kupanda."

"Mlete! Sultani bila watu ni kichaa."

Hadia, binti ya Husseini, akawa anapanda nyuma, miguu yake ikining'inia mlangoni, anawapungia mkono wenzake. Ilikuwa furaha. Hakuna aliyeona kitu, mpaka alasiri moja Bi Mwanamkisi, ajuza wa mji ule, alipoiweka ndoo yake chini pale kisimani na kusimama katikati ya njia, awarudishe walikotoka.

"Husseini, mwanangu. Hebu yeo rudini kwa ndia ile ile mliyoyia."

"Ndia hii ina nini, bibi?"

"Ndia haina kitu. Ng'ombe ndiye mwenye kitu. Mweusi, hana baka, hana kilema, na kila alasiri auzunguka mji na kuufunga. Nani amsomea?"

Mselem alitoa kichwa dirishani. "Mimi namsomea, Bi Mwanamkisi. Namsomea mashairi."

Yule bibi hakucheka. Wala Husseini hakucheka. Kila mtoto wa visiwa vile anajua zinguo la mji. Maradhi yakiingia, au mvua ikigoma, hutafutwa ng'ombe asiye na dosari, akazungushwa mji mzima huku watu wanasoma nyuma yake. Yale mabaya yote ya mji humfuata yeye. Duara likifungwa huchinjwa, ikaliwa nyama yake pale pale nje, mfupa hauingii ndani, kisha watu hurudi majumbani bila kugeuka nyuma. Ndivyo mabaya yanavyomalizwa.

Na huyu Kaniki alikuwa ameyakusanya alasiri ngapi? Na kila alipofunga duara hakuchinjwa. Alirudi tanurini, akala majani, akalala na mzigo wake chini ya sakafu ya mbao ambayo juu yake analala Mselem.

"Maneno ya kisimani," alisema Mselem. "Vuta kamba."

Husseini akavuta. Lakini siku ile hakuimba.

Ndui iliingia Chundwa mwezi haujafa. Ilianza nyumba ya mvuvi mmoja karibu na mikoko, ikaenda kwa jirani, ikaruka uchochoro. Bwana Athman akaja tanurini baada ya sala ya adhuhuri. Swafiya alimwekea kiti. Hakukaa.

"Mkwe wangu," alisema kwa upole, "sikuja kukulaumu. Nimekuja kukuomba. Matembezi yaache. Na ng'ombe tupe, tusome, tumalize jambo ambalo limeanzwa bila kujua."

Mselem alihisi damu inampanda. Mguu ulikuwa unamuuma, jasho la vibanzi linanuka, na hapa anakuja mtu kumwambia atoe miguu pekee aliyobakiwa nayo.

"Kaniki ni miguu yangu. Mnataka kunichinja miguu?"

"Mguu wako utapona, inshallah. Hawa wanaokufa hawaponi."

"Ndui ililetwa na ng'ombe? Bwana Athman, ulinionya boriti, sasa unanionya ng'ombe. Kesho utanionya kivuli changu." Kisha, kwa kuwa Husseini alikuwa pale, na watu wawili watatu wamesimama mbali wanasikiliza, na kwa kuwa ulimi wake haukujua kukaa na neno zuri bila kulitema, akasema kwa sauti:

*Ng'ombe wangu ana kazi, nanyi kazi yenu woga;*
*Hahitaji maombezi, wala ubani na soga.*

Tanuri lilikuwa limezimwa siku nyingi, lakini Swafiya alirudi nyuma kama aliyeunguzwa na moto. Bwana Athman aliinamisha kichwa, akaokota fimbo yake, akaondoka polepole. Kumwita imamu mwoga ni jambo moja. Kumwita mkweo mwoga, mbele ya binti yake, na dua yake ukaiita soga, hilo si jambo la kusahauliwa na watu.

Husseini aliiacha kamba ikaanguka mchangani.

"Yule ni babangu, shemeji."

"Najua. Na mimi nimemuua?"

"Bado," alisema Husseini, akamfuata baba yake.

Kabla ya magharibi mishororo ile ilikuwa imefika kila baraza.

Mselem hakuacha. Angeacha vipi? Kuacha ni kukiri. Swafiya ndiye aliyemfunga ng'ombe sasa, uso ukiwa ndani ya shela. Mselem alishika kamba kupitia dirisha la mbele akajiendesha mwenyewe. Mandhari yalikuwa yale yale, ila yalikuwa yamemgeuzia mgongo. Bandarini wavuvi waliinama juu ya nyavu ambazo hazikuchanika. Kisimani wanawake walitua mitungi wakageukia ukuta mpaka gari lipite. Milango ilifungwa mmoja baada ya mwingine mbele yake, kama mtu anayepepesa jicho. Makaburini mlikuwa na udongo mpya, na hapo tu ndipo alipowakuta watu wakimtazama, wamesimama na majembe.

Na gari lilikuwa linakuwa zito. Mwashi anajua uzito, hadanganywi. Hapakuwa na chokaa ndani, hapakuwa na Hadia mlangoni, lakini Kaniki alivuta kwa kukoroma na magurudumu yalizama. Mvua ndogo iliponyesha, nyayo za magurudumu zilijaa maji. Mselem akiwa dirishani akaliona jambo ambalo hakuwa ameliona: mfereji wa maji mekundu, uliochimbwa na magurudumu yake mwenyewe, umeuzunguka mji wote kama kamba ya kunyongea.

Jioni ile Swafiya aliambiwa kuwa Hadia ana homa.

"Nakwenda," alisema.

"Na mimi?"

"Maji yapo, mkate upo. Mzee Muhdhar akija mfungulie."

Mzee Muhdhar hakuja. Swafiya naye hakurudi siku ile, wala iliyofuata. Kaniki hakuwa na wa kumfunga. Lakini ilipofika alasiri, saa yake ile ile, ng'ombe alijivuta hadi kamba ilipomfikisha, akaingia mwenyewe katikati ya miti miwili ya gari, akasimama kimya, pembe zimeelekea njiani. Akangoja. Mselem alimfokea. Akamtupia kopo la maji. Kaniki hakutikisa hata sikio. Aliondoka pale jua lilipozama, na kesho yake akasimama tena.

Swafiya alipokuja hakukaribia. Alisimama ng'ambo ya ule mfereji.

"Hadia haoni. Macho yamefumba. Akuuliza kama gari litapita."

Mselem alitazama mlango wa nyuma, pale ubao ulipolainishwa na miguu ya mtoto.

"Waambie wamchukue ng'ombe."

"Na lile neno lako kwa baba?"

"Nimempa ng'ombe, Swafiya! Nimempa miguu yangu. Anataka na ulimi?"

"Ng'ombe hakumtukana mtu," alisema Swafiya, akaenda zake.

Walikuja asubuhi, mji mzima, wazima na waliobebwa. Vyetezo vilifuka ubani, vijana walishika bendera za msikiti. Husseini alimfunga Kaniki garini bila kumtazama shemeji yake.

"Mnafanya nini?" Mselem aliuliza. "Mchukueni mkamzungushe."

Bwana Athman alikuja dirishani. Usiku ule alikuwa amezeeka. "Hakuuzunguka mji peke yake, Bwana Mselem. Kilichozunguka ni ng'ombe, na gari, na wewe. Tutamaliza kama kilivyoanza."

Alimwita Bwana, wala si mkwe. Mselem alilisikia neno lile kuliko ubani na kelele zote.

"Na mwisho wake?"

"Ng'ombe atachinjwa, na kila mtu wa mji huu atakula kipande. Hata mgonjwa hulambishwa mchuzi. Asiyekula," alisema imamu, "hakumo."

"Na mimi nitaletewa?"

Bwana Athman alimtazama kwa muda mrefu, kama anayengoja kitu. Ilikuwa nafasi ya neno moja tu. Mselem alifunua kinywa. Watu walikuwa wengi, wote wanatazama, na neno lile likamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alifunga kinywa. Imamu akageuka, akainua mikono, na Yasini ikaanza.

Walikwenda. Bandarini, kwenye tumbaku, makaburini, kisimani, njia ile ile aliyoitembea kwa starehe, na sauti za watu zikimsukuma kutoka nyuma. Kaniki hakukoroma. Alivuta kwa wepesi, kama anayekwenda kwao. Duara lilipofungwa hawakusimama tanurini. Waliendelea mpaka mchangani, mbali na mji, pale ambapo mikoko inaanza, wakamfungua ng'ombe, na miti ya gari ikaanguka chini. Sanduku likainama mbele. Mselem aliteleza kitandani mpaka uso ukagusa dirisha, akabaki hivyo hivyo, hawezi kujiinua, anatazama kisu.

Kazi ilifanywa upesi. Moto uliwashwa, nyama ikapikwa kwenye masufuria makubwa, ikagawiwa kwenye majani ya mgomba. Aliona kila mkono ukipokea. Aliona Bi Mwanamkisi akitafuna kwa ufizi. Aliona Husseini akichota mchuzi kwenye kifuu, akaufunika, wa kumpelekea Hadia, aliyelazwa mlangoni pa mji. Harufu ilimfikia. Jani halikumfikia.

Kisha mifupa ikazikwa, majivu yakamwagiwa maji, na watu wakaanza kurudi. Hakuna aliyegeuka. Ilikuwa migongo mitupu, kanzu na mabuibui, inapungua njiani.

"Bwana Athman!" aliita. Migongo iliendelea.

"Husseini! Shemeji!"

Upepo ulipita kwenye mikoko. Mbao za gari zililia. Na hapo, kiburi chake chote kikiwa kimemkaa kifuani kama boriti iliyoanguka, Mselem akalia kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia:

"Baba! Nimekosa, baba! Niwie radhi!"

Bwana Athman alisita. Lakini duara limefungwa na mabaya yako nyuma, na anayegeuka huyarudisha mjini, kwa watoto. Mzee alishika fimbo yake, akatembea. Neno lilikuwa limekuja, ila limekuja wakati ambao halina wa kuligeukia.

Wa mwisho kabisa alikuwa Swafiya. Alisimama.

Alisimama muda, mgongo wake ukiwa kwa mumewe, wenzake wakizidi kwenda mbele. Halafu, bila kugeuza kichwa, akarudisha mguu mmoja nyuma. Akarudisha wa pili. Alikuja kinyumenyume, akiupapasa mchanga kwa visigino, uso wake ukiuelekea mji, mpaka mgongo wake ukagusa ubao wa gari.

"Swafiya," alinong'ona Mselem.

"Usinitaje jina. Kula."

Alipitisha mkono nyuma ya bega lake mpaka dirishani. Kiganjani mlikuwa na kipande cha jani la mgomba, na ndani yake nyama, nusu ya fungu lake, ina alama ya meno. Buibui lilikuwa limeteleza mpaka kwenye kiwiko. Na pale, juu ya kifundo cha mkono aliokuwa akiugusa kila siku, Mselem aliviona vipele vimejipanga, vidogo, vigumu, kama punje za mtama.

Hakujua kama Swafiya mwenyewe ameviona. Aliushika mkono ule kwa mikono yake yote miwili, akaula ule mnofu kutoka kiganjani mwake, na hakuuachia.