Mahari Kutoka Bwawani

Itangazwe kwa koo zote za Louisville, Columbus na Buffalo, kwa wachungaji, mashemasi na wanakwaya, pamoja na watoto wao wote waliolazimishwa kuvaa tai, kwamba siku ya Jumamosi, kando ya bwawa, mahari ya Teta binti Rurangwa ilitolewa kwa heshima zote za mababu. Tangazo hili lilisomwa kwa kipaza sauti. Betri ilikufa baada ya neno "itangazwe", na watu wakaendelea kula sambusa.

Bwawa lenyewe ni kubwa. Ukisimama kwenye ukingo wake huoni ng'ambo. Unaona maji, kisha mstari, kisha mbingu. Liko mbali magharibi, katikati ya mbuga ya nyasi isiyo na kilima hata kimoja. Enzi za mababu wa huko, mto ulijengewa ukuta, nao ukalala mahali ulipofikia.

Waliokwenda huko walikwenda kwa sababu ya Rurangwa. Anaishi North Buffalo, anafua mashuka ya nyumba ya kutunzia wazee, na ni shemasi. Tangu watu wetu wafike Amerika, ng'ombe wa mahari wamekuwa ng'ombe wa maneno: mshenga anawasifia, wageni wanapiga makofi, bahasha inapita, watu wanakula. Rurangwa alisema yeye hatatoa binti ndani ya ukumbi wa kukodi wenye zulia. Alitaka ng'ombe wasimame mbele yake kwenye nyasi, na wapumue. Wasiposimama, Teta angerudi Buffalo bila mume. Kule milimani Kivu alikuwa na kundi, na waliokuja kulichukua hawakuomba.

Bwana harusi, Nestori, anakaa Beechmont, Louisville, na anapakia maboksi ghalani. Alizaliwa kambini Tanzania. Ng'ombe pekee aliyemfahamu vizuri ni yule aliyechorwa kwenye kopo la maziwa. Lakini alimpenda Teta, na Teta alikuwa amekwisha kusema kwamba hataki mwingine, kwa hiyo ukoo wa Nestori ukakodi lori la kubebea viti ukaelekea kwenye nyasi. Columbus walichangia mzee Ndahiro, aliyebaki peke yake kati ya wanaojua kuwaita ng'ombe kwa majina ya sifa.

Siku hiyo Teta alifichwa ndani ya gari lenye vioo vyeusi, kama inavyotakiwa mpaka mahari ikubaliwe. Nestori alikatazwa kusema, kama inavyotakiwa pia. Mshenga wake, Liberati, alisimama akarekebisha koti.

"Ng'ombe tumewaleta, mzee wetu," alisema. "Wako pale wanakunywa maji."

Akanyoosha mkono kwenye bwawa. Huo ni uongo wa kawaida wa washenga wote, na jibu lake la kawaida ni kicheko. Rurangwa hakucheka.

"Bon," alisema. "Wamalize kukunywa. Batoke."

Ndahiro akaona ameshaitwa kazini. Alivua kofia, akaelekea majini, akaanza. Aliita wenye mwendo wa bibi harusi, wenye macho ya alfajiri, wale ambao mvua huwaomba ruhusa kabla ya kunyesha. Aliita bila haraka, kama mtu anayesoma mahudhurio darasani.

Wa kwanza alitoa kichwa mbali kidogo na ukingo. Alikuwa mwekundu mwenye uso mweupe. Nyuma yake walitoka wengine, safu baada ya safu, wakipanda kutoka kilindini kama wanaopanda kilima, maji yakiwamiminika mgongoni na majani ya chini ya bwawa yakining'inia masikioni. Hawakukimbia. Walijaza ukingo, wakajaza nyasi, na bado wengine wakawa wanatoka. Kadiri walivyotoka, bwawa lilishuka. Ukaonekana ukanda wa tope, kisha nguzo za ua, zimesimama wima, kisha kinu cha upepo cha kuvutia maji, ambacho kilijikung'uta mara moja kikaanza kuzunguka. Mama mmoja wa Columbus alivua viatu. Kwa muda mrefu kilichosikika kilikuwa pumzi za ng'ombe tu, na Rurangwa alisimama katikati yao amefumba macho, akizivuta puani.

Alipoyafumbua alianza kukagua, kwa kuwa mkwe ni mkwe. Alisema hawana pembe za maana. Alisema wana miguu mifupi. Kisha akaona kwamba kila mmoja ana alama ya chuma cha moto pajani.

"Donc, hizi ngombe ziko na mwenyewe," alisema.

Mwenyewe alikuwa njiani. Ilikuja pikapu ya zamani, akashuka mwanamke mwenye mvi aitwaye Arlene, ambaye wazee walimwita Mama Arlene papo hapo. Akapatikana mfasiri, kijana hodari sana, na maneno yakaanza kwenda na kurudi. Mama Arlene alisema alama ilikuwa ya babu yake. Bonde hili lilikuwa lao. Waliambiwa wahame, nyasi za kulisha ng'ombe zikiwa bado hazijakatwa, na maji yakaja kabla hawajamaliza kuhama. Ng'ombe walikataa kuondoka. Kile kinu ndicho kilichokuwa nyuma ya jiko la bibi yake. Kila kiangazi alikuja kuwaita, ila hakujua majina ya kutumia.

Rurangwa alisikiliza hadi mwisho. Kisha akarudi nyuma hatua kadhaa, mbali na ng'ombe.

"Ngombe ya mutu mwenye balimufukuza kwao, mi siiguse," alisema. "Teta atarudi Buffalo."

Ndani ya gari kitasa kililia, kisha kikatulia. Nestori alitazama viatu vyake.

Hapo ndipo alipofika mlinzi wa bwawa. Hakushangaa, watu huleta vitu vya ajabu kila wikendi. Alionyesha bango linalokataza mifugo, akasema ng'ombe warudi walikotoka. Liberati aliuliza je, kama ng'ombe yuko ndani ya gari? Mlinzi alifikiri, akasema bango linahusu ukingo, si magari.

Ndahiro akaanza kuyaita majina upya, ya mwisho kwanza. Ng'ombe wakageuka. Mama Arlene alimshika mkono mfasiri, akasema maneno machache akimtazama Rurangwa. Mfasiri alifasiri: "Chukueni mmoja."

Rurangwa alishika mikono ya mama yule kwa mikono yake yote miwili, akambariki yeye na uzao wake, mpaka mfasiri akaishiwa na Kiingereza. Mtamba mmoja alipandishwa kwenye lori, kati ya viti. Mama Arlene aliondoka akitabasamu. Mlango wa gari ulifunguliwa, Teta akatoka, na vigelegele vikapigwa mpaka mlinzi akaziba masikio. Nyuma yao bwawa lilikuwa linapanda. Kinu kilizunguka hadi maji yalipofika kwenye mapanga, kikaendelea kuzunguka kidogo chini ya maji, kisha hakikuonekana.

Teta sasa anaishi Beechmont na mumewe. Mtamba yuko North Buffalo, kwenye banda la gari, na jirani hulalamika kuhusu unyevunyevu tu, kwa sababu manyoya ya mtamba hayajawahi kukauka. Hapa hadithi ingeweza kuisha vizuri.

Lakini Rurangwa ni baba yangu, na juzi aliniita bandani. Mtamba alikuwa amegeukia magharibi, kama kila jioni. Baba alisema ng'ombe uliyepewa haangalii nyuma hivyo. Akaniuliza yule mama alisema nini hasa. Nilijaribu kucheka, nikacheka peke yangu.

Mfasiri hodari ni mimi. Mama Arlene alisema, "Niachieni mmoja."

Baba alimsugua mtamba mgongoni kwa taulo kavu. Anajua kwamba kumrudisha huyu ni kumrudisha Teta. Kisha akauliza ilikuwaje mama yule akaondoka anatabasamu, nami nikamwambia hilo pia. Wakati yeye anambariki, mimi nilimwambia mama kwamba shemasi ameahidi kumfikishia mtamba wake mpaka nyumbani. Ndiyo maana aliondoka haraka vile. Alitangulia kwenda kufungua geti.