Kilo Arobaini na Saba

Jumanne asubuhi, alipomaliza kupeta maharage, Euphrasie aliinuka akatupe makapi, na miguu yake ikazama uwanjani mpaka kwenye vifundo. Mvua ilikuwa haijanyesha siku nne. Aliivuta miguu, mmoja, kisha wa pili, akawamwagia kuku makapi, akarudi akikanyaga katika mashimo yaleyale ili asiuharibu uwanja zaidi.

Mama Byukusenge, mama mkwe wake, alikuwa amekaa mlangoni akimenya viazi. Aliyatazama yale mashimo.

"Utayafukia mbele ya watu kupita," alisema. "Muntu anaweza kuvunjika muguu."

Homa ilikuwa imemwacha Euphrasie wiki sita zilizopita. Iliingia kijijini Burungu mwanzoni mwa mvua, ikaenda nyumba kwa nyumba kama mtu anayekusanya mchango wa kanisa. Ilichukua wazee wawili. Wengine iliwatetemesha siku kumi, ikawaachilia. Théophile, muuguzi wa kituo cha afya, alisema ni virusi, na virusi havina dawa, vinajipitia. Kweli vilijipitia. Euphrasie alipewa karatasi yenye muhuri iliyosema amepona, majirani wakaja na pombe ya ndizi, wakaimba, wakaenda zao.

Uzito ulikuja nyuma ya homa, bila kelele. Ulianza na kitanda, ukavunja mbao zote tatu. Ukafuata kigoda. Siku moja alipotoka kuchota maji ilimbidi alale njiani, na njia ikashika umbo lake, mabega, makalio, visigino. Mvua ikalijaza, na mbuzi wa jirani wakawa wanakunywa hapo. Aliamka kila asubuhi amechoka kuliko alivyolala. Majina ya watu aliocheza nao utotoni yalimponyoka mdomoni. Tena alijifunza kuziogopa siku njema kuliko mbaya, kwa sababu akilima vizuri leo, kesho udongo ungempokea mpaka magotini.

Lakini si uzito uliokuwa unamla roho. Ni shamba.

Shamba lilikuwa ndani ya konsesyo, ardhi kubwa ya bwana mmoja anayeishi Goma. Mtu halilipii shamba la namna hiyo kwa pesa; analilipia kwa salongo. Kila Jumatatu na kila Alhamisi, anayelima humo analimia mwenye ardhi mpaka saa nane, na akikosa mara tatu, shamba linatoka mikononi mwake, hata kama maharage yamekwisha kutoa maua. Maharage ya Euphrasie yalikuwa yametoa maua. Dusabimana, mume wake, alikuwa machimboni upande wa Walikale tangu mwaka jana, na kilichotoka kwake kilikuwa salamu tu. Wakati wa homa kapita Habineza, msimamizi wa yule bwana, alimvumilia Euphrasie. Baada ya ile karatasi, alikuwa amekosa mara mbili.

Habineza alipita kwake jioni ileile ya Jumanne, akasimama nje ya yale mashimo.

"Mama Euphrasie, karatasi yako inasema nini?"

"Inasema nimepona."

"Basi. Mimi sikuiandika."

Ilibidi apate karatasi nyingine. Kituo cha afya kiko nyuma ya kilima, mwendo wa saa mbili kwa mtu mwepesi. Kwa hiyo Mama Byukusenge alikwenda kuwaita watu wa kipoyi. Katika kile kijiji kila nyumba inatoa mtu wa kubeba wagonjwa, na anayekataa kubeba, naye hatabebwa. Walikuja wanne Jumatano asubuhi na machela yao ya mianzi, mbele yao Papa Nzabandora, fundi wa kushona. Wanne hawakuweza kumwinua. Wakaitwa wengine wanne. Wakaitwa wanne tena. Kumi na wawili walimpandisha mpaka usawa wa magoti, wakaenda naye hivyohivyo mpaka kwenye kona ya mikaratusi, na hapo kipoyi ikagoma.

Sasa, kwenye vile vilima kila mtu anajua kwamba jeneza likiwa zito njiani, maiti ana neno. Amekataa kupita mbele ya mtu aliyemkosea, na haendi mpaka aombwe. Papa Nzabandora alivua kofia.

"Mama Euphrasie, kama kuko muntu alikukosea ku hii njia, tunaomba musamaha. Utuachilie tupite."

"Papa, mimi siko maiti."

"Tunajua, Mama. Jibu tu."

"Hapa hakuna muntu alinikosea."

"Fikiri vizuri," alisema mmoja wa nyuma, jasho likimtiririka mpaka kidevuni. "Hata kama ni kuku yako waliiba. Sema, mabega yetu inaisha!"

Euphrasie alifikiri. Alimsamehe jirani aliyesogeza mpaka wa bustani. Alimsamehe Dusabimana. Alimsamehe Mama Byukusenge, aliyekuwa anatembea pembeni na kikapu, na Mama Byukusenge akaitikia "asante" bila kuuliza ni kwa lipi. Kipoyi haikupungua hata kidogo. Basi wakaibeba na uzito wake wote, wakipumzika kila hatua ishirini, wakafika saa tisa mchana.

Théophile alimsimamisha juu ya mizani. Saruji ya sakafu ililia chini yake ikapasuka mpaka mlangoni.

"Kilo arobaini na saba," alisoma Théophile. "Umeongeza moja. Ni vizuri." Alivuta benchi akaliweka juu ya ufa.

"Dokta, uniandikie kama siwezi kazi."

"Naandika nini, Mama? Homa haiko. Malaria haiko. Damu iko muzuri. Ku fishi, hii karatasi ya mugonjwa, hakuna fasi ya kilo ambayo mizani haioni."

"Lakini wewe umeona."

"Nimeona. Nimeona wanne wa Kashuga. Wa tano alitoka Walikale, alizama mu njia mpaka kiuno, wakamuchimbua na majembe kama muhogo. Wote mizani inawakana."

"Na wao unawaambia nini?"

"Wapumzike."

"Na shamba?"

Théophile alifunika kalamu yake. "Mama, mawazo pia inalemea. Usiwaze sana." Akampa vidonge vya vitamini katika kipande cha karatasi, na wale kumi na wawili wakamrudisha.

Alhamisi Euphrasie alitoka nyumbani jogoo la kwanza. Wengine huipanda ile konsesyo kwa nusu saa. Yeye alifika jua limekwisha kukausha umande, akiivuta miguu kutoka ardhini mmoja mmoja kama mtu anayeng'oa viazi.

"Majina nimekwisha kuita," alisema Habineza. "Mara ya tatu njo hii."

"Kapita, niko hapa. Uniangalie. Acha nivune tu maharage, nyuma ya hapo mutafanya yenye munataka."

Habineza hakumwangalia yeye. Aliangalia nyuma yake, kwenye mteremko, ambako nyayo zake zilikuwa zimepangika shimo baada ya shimo. Alishuka, akatia fimbo katika moja. Fimbo iliingia mpaka usawa wa goti. Kuta za shimo zilikuwa zimekazana, hata chembe ya udongo haikudondoka.

"Hautalima leo," alisema aliporudi. "Jembe weka pale. Utatembea tu. Ukimaliza, nitaongea na bwana juu ya maharage."

"Nitembee wapi?"

Alimwonyesha kwa fimbo: toka mkaratusi uliokatika mpaka kijito, toka kijito mpaka kwenye jiwe, toka jiwe kurudi juu. Ulikuwa mpaka wa lile shamba lake la maharage. Euphrasie aliujua, yeye mwenyewe aliupanda matete.

Alitembea. Habineza alimwambia apanue hatua, na akapanua. Nyuma yake walikuja wanaume watano na nguzo za mikaratusi, wakizisimika katika nyayo zake, na nyuma yao wawili na waya wa miiba. Hawakuchimba popote.

"Mama," mmoja alimwitia, "ukitoka hapa upite kwangu, nahitaji shimo ya choo!" Wengine walicheka, naye Euphrasie alicheka kidogo, kwa sababu aliyemwitia alikuwa jirani na hakuwa na ubaya.

Saa saba nguzo ya mwisho ilisimama. Mchungaji aliingiza ng'ombe kumi na wanane ndani ya uzio, na ng'ombe wakaanza kula upande wa chini, penye maua mengi ya maharage. Habineza alijaribu kumpigia bwana simu. Alisema mtandao hakuna.

Euphrasie alibaki amesimama kando ya uzio. Kurudi nyumbani kulitaka miguu, na miguu haikuwepo. Udongo ulimpokea mpaka vifundoni, kisha magotini, polepole.

"Usogee mbali na waya, Mama," Habineza alimwambia. "Hapo hatuna lazima ya shimo."